HiAce iliyolemewa na makabati: kisa cha gari la kulalia lililojengwa mara mbili

Gari lenyewe ni Toyota HiAce ya mizigo, umbo lile lililoanza mwaka 2004, bodi ya kawaida yenye paa la chini, injini ya petroli ya lita 2.0. Wenyewe ni mume na mke wa Morogoro. Walitaka gari la kulala safarini: Mikumi wikiendi, Ruaha wakipata likizo, Kitulo wakati wa maua. Kipimo chao kilikuwa siku nne porini bila kuomba umeme wala maji kwa mtu. Kazi wakampa fundi seremala mzuri, bingwa wa makabati ya jikoni, na alichowajengea kilipendeza kweli. Baada ya safari moja ya Ruaha gari lilirudi limekaa mkia, betri zimekufa, dari inanuka uvundo, na taa za mbele zinamulika matawi ya miti.

Makosa yaliyokutwa humo ni ya kila siku. Karibu kila HiAce inayogeuzwa kuwa chumba hupitia angalau mawili au matatu kati ya hayo. Hapa yalikutana yote kwenye gari moja, ndiyo maana linafaa kufumuliwa hadharani.

Mizani kwanza

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, gari lilipelekwa kwenye mizani ya ghala la nafaka na kupimwa ekseli kwa ekseli: magurudumu ya mbele yakiwa juu ya mizani peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Ukipima gari zima kwa mkupuo utajua uzito, lakini hutajua umekaa wapi, na kwenye HiAce swali la pili ndilo linaloumiza.

Jumla ya vilivyoongezwa haikuwa imevuka uwezo wa gari, maana bodi hii hubeba karibu tani moja. Makabati yalikuwa ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18, karatasi saba. Karatasi moja ya MDF ya futi nane kwa nne ya unene huo ina uzito wa kilo 38 hivi, kwa hiyo mbao peke yake ni kilo 270. Betri mbili za lori, kilo 115. Friji ya nyumbani, kilo 30. Keria ya chuma cha mraba juu ya paa, kilo 60. Halafu tangi la maji la lita 120, ambalo likijaa na plastiki yake ni kilo 130, limesimamishwa nyuma kabisa likigusana na mlango wa buti.

Tangi hilo ndilo lililokalisha mkia. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya gari hili kuna milimita 2,570. Kitovu cha tangi kilikuwa milimita 900 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 120 za maji zikikaa hapo, ekseli ya nyuma haibebi 120: inabeba 162, kwa sababu mzigo unaoning'inia nyuma ya magurudumu huinua pua ya gari, na kilo 42 zinahama kutoka mbele. Pua ikiinuka, usukani unakuwa mwepesi kwenye kona, breki za mbele zinapoteza mshiko, taa zinapanda. Kuteremka Kitonga na gari la namna hiyo ni kujitakia.

Fundi springi aliyeombwa msaada aliongeza bapa moja kila upande. Mkia ukainuka kweli. Ila pua ilibaki nyepesi vilevile, na gari likiwa tupu likawa linarukaruka kwenye barabara ya vumbi mpaka riveti za keria zikalegea. Bapa hizo zilitolewa baadaye. Springi huongezwa pale mzigo ulio sahihi unapoizidi ya kiwandani, na hapa mzigo wenyewe haukuwa sahihi.

Umeme: kwa nini betri zilikufa

Betri za lori zimetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha zijazwe mara moja. Bamba zake za risasi ni nyembamba. Ukizinyonya kila usiku hadi nusu au chini yake, zinaharibika ndani ya muda mfupi, hata kama zimeandikwa 200Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa). Hilo ni kosa la kwanza.

La pili ni friji ya volti 230 inayoendeshwa kwa inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, ya wati 1,500. Inveta kubwa ya aina hiyo hula wati 15 hadi 20 hata friji ikiwa imepumzika, kwa sababu yenyewe iko macho muda wote. Chukua wati 15 kwa saa 24: ni Wh (wati-saa) 360. Hicho ni zaidi ya nusu ya umeme ambao gari zima lililojengwa upya linatumia kwa siku nzima, na hakijapoza hata chupa moja ya maji.

La tatu halionekani kwa macho, na ndilo lenye mafunzo mengi kwa fundi umeme wa magari. Betri za nyuma zilichajiwa moja kwa moja kutoka alteneta, jenereta ya injini, kwa waya wa milimita 6 za mraba, mita sita kwenda na mita sita kurudi. Alteneta ikitoa ampea 30, waya huo unameza volti moja kamili njiani. Kwa hiyo volti 14.2 zinazotoka mbele zinafika nyuma zikiwa 13.1 au 13.2, wakati betri ya risasi inahitaji karibu 14.4 ili ijae. Unaendesha Morogoro hadi Iringa, taa ya onyo ya betri haiwaki, na bado betri haifiki popote karibu na kujaa. Ikikaa nusu tupu wiki nzima, chumvi ya salfeti inaganda kwenye bamba na haitoki tena. Mita ya volti ya bei ndogo ikipimwa kwenye nguzo za betri ya nyuma huku injini inaunguruma ingeonyesha tatizo hili siku ya kwanza.

Kutu, uvundo na gesi

Dari ilijazwa pamba ya kioo, kisha ikafunikwa kwa plaiwudi. Watu wawili wakilala kwenye gari lililofungwa hutoa kwa pumzi na jasho zaidi ya nusu lita ya maji kwa usiku mmoja. Kule juu, Kitulo ambako uwanda uko karibu mita 2,600, bati la paa linapoa haraka na mvuke unageuka maji nyuma ya dari. Pamba inanyonya, haikauki, inanuka. Chini ya pamba bati lilikuwa limeanza madoa ya kahawia, hasa kwenye matundu manne ya keria na tundu la feni: yalitobolewa, vumbi la chuma halikufagiliwa, kingo hazikupakwa redioksaidi (rangi ya kuzuia kutu). Vumbi la chuma lililobaki kwenye mfereji wa bodi huoza kwanza lenyewe, kisha huoza na bodi.

Skrubu za makabati zilipigwa moja kwa moja sakafuni. Chini ya sakafu ya HiAce kuna tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya. Skrubu moja ilikutwa imepita upande wa pili na kusimama kidole kimoja kutoka bomba la breki. Kuna mafundi wanaotoboa sakafu bila kuingia chini ya gari kuangalia kwanza, usiwape gari.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 ulikuwa chini ya kitanda, kwenye kabati la kawaida. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni na kujaa kuanzia chini, yaani pale hasa mtu alipolala, na karibu na swichi za umeme.

Na jambo dogo ambalo wenye gari walilalamikia kuliko yote: mbung'o. Mapazia yalikuwa ya bluu iliyokolea yenye pindo nyeusi. Hizo ndizo rangi za vitambaa vya mitego ya mbung'o, kwa sababu mdudu huyo anazifuata. Gari lilikuwa mtego wenye magurudumu. Mapazia yakabadilishwa kuwa ya rangi ya mchanga, kazi ya nusu saa kwa cherehani.

Ujenzi wa pili

Gari lilivuliwa hadi bati. Kutu ilikwanguliwa kwa brashi ya waya, ikapakwa redioksaidi mikono miwili, kisha rangi. Matundu ya keria yalizibwa kwa bamba na gundi ya poliyurethani. Silikoni ya bafuni haifai hapo. Haishiki rangi. Tundu la feni lilibaki, likasafishwa na kufungwa upya kwa mkanda wa butili chini ya fremu.

Kwa joto na baridi ilitumika sponji ya milimita 10 ya vitundu vilivyofungwa, isiyonyonya maji, ikagandishwa moja kwa moja kwenye bati la paa na ubavuni bila kuacha nafasi ya mvuke kuingia. Matundu ya kutolea maji chini ya milango hayakuguswa. Yakizibwa, milango inaoza. Sakafu ni sponji nyembamba, plaiwudi ya milimita 9, na kapeti la plastiki juu. Vioo vilikatiwa ngao za karatasi ya fedha zenye mapovu. Madirisha ya mbele yaliwekewa vizuia mvua, ili usiku yaachwe wazi sentimita tatu, wavu wa mbu ukiwa ndani. Sponji nzuri bila upenyo wa hewa bado itakupa dari yenye jasho.

Fremu ya kitanda na sanduku la jiko ni mbao za paini za inchi mbili kwa mbili, zile za msitu wa Sao Hill zinazouzwa Mafinga, zilizokaushwa. Mbao mbichi ni nzito, na ikikaukia ndani ya gari inajipinda na kuvuta skrubu. Paneli ni plaiwudi ya marini ya milimita 12, karatasi tatu tu. Karatasi moja ina kilo 21 hivi. Fremu na paneli zote zikawa kilo 82 badala ya 270, na hakuna kilichopungua ambacho mtu angekikumbuka.

Vipimo vya kitanda vinaamuliwa na gari lenyewe. Ndani kuna upana wa karibu mita 1.5, kwa hiyo mtu mzima hawezi kulala kwa kukingama. Analala kwa urefu. Kimo ni mita 1.3 hivi. Ukitoa sakafu na dari inabaki 1.26. Sanduku la kitanda la sentimita 30 na godoro la sentimita 8 vinaacha 88 za kukaa, na mtu wa kawaida anakaa bila kugonga kichwa. Seremala wa kwanza aliweka kitanda cha sentimita 50 ili kuwe na droo kubwa, na wenyewe wakawa wanakula wamejikunja. Gharama ya uamuzi wa sentimita 30 ni kwamba dumu la lita 20 halisimami chini yake.

Kitanda kina sehemu mbili: sentimita 70 zisizosogea upande wa kulia, na sentimita 50 zinazovutwa usiku, vipande vya mbao vikipishana na vya upande wa pili mithili ya meno ya vitana viwili. Hapo acha milimita 3 hadi 4 kila upande wa kipande. Ukibana sana, mvua ya kwanza mbao zitavimba na kitanda kitakwama kimefunguka nusu. Mshumaa uliosuguliwa kwenye kingo unatosha kulainisha. Grisi itachafua godoro.

Hakuna skrubu iliyoingia sakafuni. Fremu imefungwa kwa bolti kwenye matundu ya kiwandani yaliyokuwa na vishikizi vya kamba za mzigo, na bamba la chuma la milimita 3 chini ya kila bolti ya mbao. Ubavuni zilitumika riveti zenye nati ndani, saizi ya milimita 6, kwenye mbavu za bodi peke yake, kamwe si kwenye bati jembamba la nje.

Hesabu ya umeme, safari hii kabla ya kununua

Ilianza na matumizi. Friji ya kompresa ya lita 40 inayotumia volti 12 hula wati 45 inapofanya kazi, na kwenye joto la kawaida inafanya kazi kama asilimia 40 ya muda: Wh 432 kwa siku. Feni ya wati 15 kwa saa nane, 120. Taa tatu za LED, 36. Simu na kamera, 60. Pampu ya maji haifiki 5. Jumla ni Wh 650 kwa siku, sawa na 51Ah kwenye betri ya volti 12.8.

Betri moja ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma, 100Ah, ina Wh 1,280, na inaweza kutumika hadi asilimia 80 au 90 bila kuumia. Hiyo ni siku moja na nusu bila jua lolote. Uzito wake ni kilo 12. Ziliondoka kilo 115.

Sola ni wati 200, paneli ngumu ya fremu. Kwa wastani wa saa tano za jua kamili, ukiondoa asilimia 30 ya upotevu wa joto, vumbi na pembe, unapata Wh 700. Inatosha siku, lakini gari likiwa limeegeshwa kwenye jua. Hapa pana mvutano usiokwepeka: paneli inataka jua, na wewe unataka kivuli cha mkuyu. Paneli laini za kugandisha juu ya bati hazikutumiwa kwa sababu hazipati hewa chini, zinachemka na kuchoka mapema. Hii ngumu imekaa juu ya vyuma viwili vya alumini vinavyoshika mifereji ya maji ya paa, bila tundu jipya, ikiwa na nafasi ya sentimita nne chini yake. Faida ya pembeni: paa lililo chini ya paneli liko kivulini.

Kontrola, kifaa kinachosimamia umeme wa sola kuingia betri, ni aina ya MPPT ya ampea 20. Kwa siku za mawingu na kivuli kuna chaja ya DC-DC (inayorekebisha volti kabla ya kufika betri) ya ampea 20 kutoka alteneta, ambayo kwa saa mbili na nusu za kuendesha inarudisha matumizi ya siku nzima. Lithiamu haiunganishwi na alteneta kwa waya mtupu: inavuta umeme mwingi kadiri itakavyopewa, na alteneta, gari likiwa limesimama injini ikizunguka polepole, inapata moto bila feni yake kuzunguka vya kutosha. Waya wa chaja ni milimita 10 za mraba, mita nne kwenda na nne kurudi, upotevu ni volti 0.28, ambao chaja yenyewe inaufidia. Fyuzi ya ampea 40 iko kila mwisho, isiyozidi sentimita 20 kutoka betri. Fyuzi hulinda waya, na waya una betri pande zote mbili. Ukiweka moja tu, nusu ya kazi umeiacha. Vichwa vya waya vilibanwa kwa koleo la haidroliki. Kichwa kilichogongwa nyundo hulegea kwa mtikisiko, kinapata joto, na moto wa gari huanzia hapo.

Inveta ipo, ya wati 300, kwa laptopu na chaja za kamera. Ina swichi yake na hulala imezimwa.

Betri iko ndani ya chumba, kwenye kona ya sanduku la jiko, kwa sababu lithiamu haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, na alfajiri ya Juni huko Kitulo ni ya kuangalia.

Maji na moto

Madumu mawili ya lita 20 yamesimama nyuma ya kiti cha abiria, mbele ya ekseli ya nyuma, yamefungwa mkanda. Lita 40 kwa watu wawili siku nne ni za kunywa, kupika na kunawa kwa uangalifu. Kuoga kunategemea kambi. Ukilinganisha na tangi la lita 120 unaona umepoteza maji. Lakini dumu linatoka, linajazwa bombani, linasuguliwa ndani likiota utelezi, na likipasuka unanunua jingine Ifakara au Tungamalenga.

Mtungi wa gesi umepewa sanduku lake kona ya nyuma kushoto. Halina tundu lolote kuelekea chumbani, mlango wake unafunguka tu buti likiwa wazi, na sakafuni lina tundu la kutolea gesi linaloangalia chini, mbali na ekzosi. Mpira hupimwa kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa. Kupika ni nje, chini ya mlango wa buti ulioinuliwa, ambao kwenye HiAce ni kibaraza tosha hata mvua ikinyesha. Jiko haliwashwi ndani kupasha joto, hata kidogo, hata Kitulo. Blanketi la pili lina uzito wa kilo mbili. Kengele ya kaboni monoksaidi imewekwa kwenye kimo cha kitanda.

Makaratasi hayahitaji maneno mengi: kadi ya gari isomeke kama gari lilivyo sasa, kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi, na mtu asisafiri amelala au amekaa kitandani gari likitembea.

Majaribio kabla ya kwenda

Mizani tena: vyote vilivyojengwa, pamoja na maji na gesi, kilo 224. Gari linakaa sawa kwa springi zake za kiwandani. Maji yalimwagwa paani kwa mpira dakika 20, mtu akiwa ndani na tochi. Tone moja lilionekana kwenye fremu ya feni, skrubu zikakazwa, likakoma. Friji iliachwa saa 24 uani, paneli ikiwa imefunikwa, ili hesabu ya Wh 432 ilinganishwe na mita. Ilisoma juu kidogo ya hapo, maana friji ilibanwa ukutani. Ikasogezwa sentimita tano, na tundu la hewa likaongezwa kwenye paneli ya nyuma yake. Kwenye joto la Ruaha mwezi Oktoba itakula zaidi, pengine Wh 600, na hapo ndipo nusu siku ya akiba inapofanya kazi.

Mapungufu yaliyobaki ni ya gari, hayatibiki kwa mbao. Husimami wima ndani. Magurudumu yanayovuta ni ya nyuma peke yake, na chini pana nafasi isiyofika sentimita 20, kwa hiyo kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua ikinyesha unageuza, hujaribu. Sehemu za vumbi za barabara ya Iringa kwenda Ruaha zina mabati, yaani vijituta vya mfululizo, ya kutosha kulegeza chochote; baada ya kilomita 50 za kwanza simama, kaza bolti nane za fremu na nne za paneli, shika kila kichwa cha waya kwa mkono uone kama kina joto, kisha endelea.